ALEXANDER MACKAY, MPIGA CHAPA WA ZIWA VIKTORIA

1. Ukurasa ulio mkononi mwako

Ndugu mwanakisomo, tazama ukurasa huu ulio mkononi mwako. Juu yake ziko herufi nyingi. Kila herufi a inafanana na herufi a nyingine. Mistari imenyooka. Kati ya neno na neno kuna nafasi. Hakuna mtu aliyekaa akaziandika herufi hizi moja moja kwa kalamu. Zimepigwa chapa.

Kazi ya kuchagua herufi, kuzipanga na kuzipiga chapa ni kazi ya ufundi, kama useremala au uhunzi. Ufundi huo ulianza mbali, lakini ulifika katika ziwa letu zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Ulifika kabla mji wa Bukoba haujajengwa. Mmoja wa watu walioufikisha ni Alexander Mackay. Katika kitabu hiki tutasoma habari za maisha yake.

2. Mtoto wa Rhynie

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland. Kijiji hicho kilikuwa cha wakulima. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mtu wa vitabu.

Mpaka alipokuwa na miaka kumi na minne, Mackay hakwenda shule. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Walipotembea pamoja, baba alisimama njiani akachora juu ya udongo kwa bakora yake. Alichora mito ya nchi za mbali, au hesabu za maumbo. Basi udongo ulikuwa ubao, na bakora ilikuwa chaki.

Lakini mtoto huyu hakupenda vitabu peke yake. Alipenda pia kwenda kwa mhunzi kutazama chuma kikifuliwa. Alitaka kujua kila mashine inafanyaje kazi. Baba yake alitumaini kwamba mwanawe atakuwa mchungaji kama yeye. Mtoto alitaka kuwa fundi.

Alipokua alisomea kwanza ualimu katika mji wa Edinburgh, kisha akasomea uhandisi, yaani ufundi wa mitambo. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani akafanya kazi katika kiwanda cha mashine mjini Berlin. Alikuwa na kazi nzuri na mshahara mzuri.

Mwaka 1875 msafiri mmoja, Henry Stanley, alikuwa Buganda kwa Kabaka Mutesa. Aliandika barua kwa gazeti la London akisema kwamba Kabaka anataka walimu, hasa walimu wanaojua kazi za mikono. Chama cha misheni cha Uingereza kilianza kutafuta watu, na Mackay alikuwa mmoja wa walioitika. Aprili 1876 alipanda meli kuja Afrika. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakurudi kwao tena.

3. Herufi zilitoka wapi?

Kabla ya kuendelea na safari ya Mackay, tujifunze kidogo habari za herufi zenyewe.

Zamani kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Mwandishi mmoja aliweza kukaa miezi mingi akinakili kitabu kimoja. Kwa hiyo vitabu vilikuwa vichache, na bei yake ilikuwa kubwa. Maskini hakuweza kununua kitabu.

Karibu mwaka 1040, huko China, fundi mmoja aitwaye Bi Sheng alifinyanga herufi za udongo, kila moja peke yake, akazichoma kama vyungu. Alizipanga, akazipaka wino, akabandika karatasi juu yake. Kisha alizipangua akazipanga tena kwa maneno mengine. Huo ulikuwa ujuzi mkubwa: herufi zile zile zinaweza kufanya kazi mara nyingi.

Karibu mwaka 1450, katika mji wa Mainz huko Ujerumani, fundi aitwaye Johannes Gutenberg alitengeneza herufi za madini. Alichanganya risasi, bati na madini ya tatu yaitwayo antimoni. Aliyayeyusha akayamimina katika kalibu ndogo, na kila herufi ilitoka sawa na mwenzake. Karibu mwaka 1455 alimaliza kupiga chapa Biblia, nakala zipatazo 180. Lakini alikuwa ameingia katika deni. Aliyemkopesha alimshtaki, akachukua vyombo vyake. Hata hivyo ufundi wake ulienea Ulaya yote.

Katika pwani yetu Kiswahili kiliandikwa miaka mingi kwa herufi za Kiarabu. Waandishi walitumia kalamu ya tete na wino. Mwaka 1864 mmisionari aitwaye Edward Steere alifika Zanzibar. Yeye na wenzake walianzisha mtambo wa kupiga chapa huko, wakawafundisha kazi hiyo vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Vijana wale walipanga maneno ya Kiswahili kwa herufi hizi tunazotumia sasa. Vitabu vya Zanzibar vilifungwa katika mizigo, vikachukuliwa na wapagazi mpaka bara. Mackay naye alivitumia kujifunzia Kiswahili.

4. Safari ya kuja bara

Mackay alifika Zanzibar mwishoni mwa Mei 1876. Alianza safari ya kwenda bara, lakini njiani alishikwa na homa kali. Ikabidi arudishwe pwani. Wenzake walimtangulia.

Mackay hakukaa bure. Mwaka 1877, pamoja na vibarua wengi, alikata njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, karibu kilomita 370. Walitumia mashoka, misumeno na majembe. Walijenga madaraja juu ya vijito.

Kisha habari mbaya zilitoka ziwani. Wenzake wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa mwezi wa Desemba 1877 katika vita huko Ukerewe. Mackay akafunga safari mara moja. Alifika Kagei, kusini mwa ziwa, mwezi wa Juni 1878.

Huko Kagei alikuta mizigo ya misheni imerundikwa ovyo ndani ya nyumba. Vyuma vya mashine vilichanganyika na vitabu. Karatasi zilikuwa pamoja na vyungu. Mchwa na kutu vilikuwa vimefanya kazi yao. Na katika rundo lile zilikuwamo herufi za risasi za kupigia chapa, zimetawanyika.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mackay alikaa chini, akaanza kutenga kitu kimoja kimoja. Siku kwa siku alisafisha, akapiga msasa, akaunganisha.

5. Mashua iliyokatwa katikati

Walikuwa na mashua moja, jina lake Daisy. Ilikuwa imeharibika kwa jua na wadudu. Mackay aliiziba. Mwezi wa Agosti 1878 yeye na mwenzake Wilson walitweka tanga kwenda Buganda.

Wavuvi wa Bukoba na Muleba wanajua jinsi ziwa letu linavyoweza kubadilika ghafla. Asubuhi ni shwari, mchana ni mawimbi. Ndivyo ilivyowapata watu wale. Dhoruba iliwashika, ikaitupa mashua kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa. Ufuko huo wa magharibi ndio wenye Muleba na Bukoba, mpaka mto Kagera na kuendelea Buganda.

Mashua ilivunjika mbele na nyuma. Hapakuwa na mbao nyingine. Mackay alifikiri, kisha akafanya jambo la ajabu. Alikata kipande cha katikati ya mashua akakitoa. Mbao za kipande kile alizitumia kuziba mbele na nyuma. Halafu akaunganisha nusu mbili. Mashua ikawa fupi, lakini ikawa nzima. Kazi hiyo ilichukua karibu majuma manane. Mwezi wa Novemba 1878 walifika Buganda.

Ndugu msomaji, kumbuka mashua hii. Mackay alikuwa mtu wa kutumia kitu alicho nacho, bila kulilia kile asicho nacho. Hivyo hivyo alivyofanya kwa mashua, ndivyo alivyofanya baadaye kwa herufi.

6. Katika mji wa Kabaka

Kabaka Mutesa alimpokea vizuri. Walizungumza kwa Kiswahili, kwa sababu wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekileta Kiswahili katika baraza la Kabaka. Waislamu walikuwa wametangulia kuleta maandishi pia. Mutesa mwenyewe alijua kusoma herufi za Kiarabu. Kwa hiyo tusiseme kwamba Mackay ndiye aliyeleta kusoma Buganda. Watu walikuwa wameonja tayari, na walitaka zaidi.

Mackay alijenga karakana. Alifua chuma, akanoa misumeno, akachimba kisima na kuweka pampu. Watu walikuja kutazama magurudumu yakizunguka. Mwaka 1882 mama yake Kabaka alipofariki, Mackay aliombwa atengeneze jeneza kubwa la mbao na shaba. Watu walimwita Mzungu wa Kazi.

Lakini hakuwa malaika. Mwaka 1879 mapadre Wafaransa wa Kikatoliki walifika. Mackay na mapadre walibishana mbele ya Kabaka juu ya dini. Aligombana pia na wafanyabiashara wa Kiarabu. Kabaka aliwasikiliza wote, akaona kwamba wageni hawa hawapatani wao kwa wao. Mabishano yale yalileta madhara baadaye.

7. Herufi za mti

Kila siku vijana wa baraza walikuja kwa Mackay kujifunza kusoma. Walikuwa wengi, vitabu vilikuwa vichache. Angefanyaje? Alikuwa na mtambo mdogo wa mkono wa kupiga chapa, na zile herufi za risasi alizookota Kagei. Lakini herufi hizo zilikuwa ndogo. Mtu anayeanza kusoma anahitaji herufi kubwa.

Wewe unalijua jambo hili. Kumbuka kitabu chako cha kwanza cha kisomo. Herufi zake zilikuwa kubwa, na maneno yalikuwa machache katika kila ukurasa. Haikuwa bahati tu. Mpangaji alijua kwamba jicho la mwanafunzi mpya huchoka upesi.

Basi Mackay akachukua mti. Akakata vipande vidogo, akavilainisha, akachonga herufi kwa kisu, moja baada ya moja.

Kazi hii ina ugumu wake. Kwanza, herufi lazima isimame juu, na mti unaoizunguka ukatwe uwe chini. Wino hushika pale palipo juu tu. Pili, herufi lazima ichongwe kinyume. Ukitaka kuona jambo hili, utazame muhuri wa ofisi ya kijiji. Herufi zilizo kwenye mpira wa muhuri zimegeuka, huwezi kuzisoma vizuri. Ukishapiga muhuri kwenye karatasi, maandishi yanasomeka. Tatu, herufi zote lazima ziwe na kimo kimoja. Ikiwa moja ni fupi, haitafika kwenye karatasi. Ikiwa moja ni ndefu, itatoboa karatasi.

Wanakisomo wengi huchanganya b na d wanapoanza. Wasione haya. Hata mpiga chapa huchanganya, kwa sababu b iliyogeuzwa huonekana kama d.

Kuna ugumu wa nne. Herufi zilizotengenezwa kwa lugha ya Kiingereza zina e nyingi, maana Waingereza hutumia e kuliko herufi nyingine zote. Lugha zetu hupenda a. Jaribu mwenyewe. Chukua sentensi hii: Baba analima kahawa Kamachumu. Hesabu herufi zote, utapata 26. Kisha hesabu a peke yake, utapata 10. Herufi e haimo hata moja. Mpiga chapa mwenye a chache hawezi kupanga ukurasa mrefu wa Kihaya, Kiganda au Kiswahili. Hupanga kidogo, hupiga chapa, hupangua, hupanga tena.

Baada ya herufi kuwa tayari, kazi ilikwenda hivi. Herufi zilipangwa mstari kwa mstari na kukazwa zisitikisike. Zilipakwa wino kwa gurudumu dogo. Karatasi iliwekwa juu, mkono ukasukumwa, karatasi ikabanwa. Ilipotolewa, ukurasa ulikuwa tayari, nayo ikaanikwa wino ukauke. Kisha ikawekwa karatasi nyingine. Ukurasa wa mia moja ulifanana na ukurasa wa kwanza.

Hapa ndipo nguvu ya chapa inapoonekana. Barua ya mkono humfikia mtu mmoja. Karatasi ya chapa huwafikia watu mia, na wote husoma maneno yale yale.

8. Barua ya Sembera

Miongoni mwa wanafunzi wa Mackay alikuwapo kijana aitwaye Sembera. Mwaka 1881 Sembera alimletea mwalimu barua. Alikuwa ameiandika mwenyewe. Hakuwa na kalamu, basi alichukua unyasi mgumu akauchonga ncha. Wino naye alijitengenezea. Katika barua ile aliomba abatizwe.

Mackay alifurahi sana. Hakufurahi kwa ombi lile peke yake. Alifurahi kwamba mtu aliyefundishwa kusoma sasa ameandika jambo lake mwenyewe, kwa vyombo vyake mwenyewe, bila kuamriwa. Machi 1882 Sembera na wenzake wanne walibatizwa. Alichagua kuitwa Sembera Mackay.

Vijana kama huyo ndio waliomsaidia Mackay kuelewa Kiganda. Wageni hawakuijua lugha vizuri. Wao walisema neno, vijana wakasahihisha. Kwa hiyo vitabu vya kwanza vya Kiganda vilikuwa kazi ya wenyeji pia, ingawa majina yao hayakuandikwa juu ya jalada.

9. Miaka ya hatari

Kabaka Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga alitawala mahali pake. Alikuwa kijana bado.

Mwanga aliwaogopa wageni. Alisikia kwamba Wajerumani wameanza kuchukua nchi huko pwani. Alijiuliza kama hawa walimu wa kusoma ni watangulizi wa majeshi. Tukisema kweli, hofu yake haikuwa ya bure. Miaka michache baadaye nchi zote za ziwa zilitawaliwa na wakoloni. Lakini walioumia kwanza kwa hofu ile walikuwa vijana wa Buganda.

Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Mackay waliuawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Askofu Hannington, aliyekuwa akija kutoka upande wa mashariki, aliuawa huko Busoga. Mwaka 1886 wasomaji wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, walikamatwa. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto huko Namugongo.

Siku zile Buganda, kumwita mtu msomaji kulikuwa na maana ya kumtaja dini yake. Kukutwa na karatasi yenye herufi kuliweza kumletea mtu kifo. Hata hivyo watu hawakuacha kusoma. Walizificha karatasi. Walikuja usiku wakabisha hodi kimya kimya, wakasomeshwa, wakaondoka kabla ya mapambazuko.

Mackay angeweza kuufunga mtambo wake. Yeye na mwenzake Ashe walifanya kinyume. Walipanga herufi wakachapa barua ya kuwatia moyo wale waliokuwa mafichoni. Barua ile ilipita kutoka mkono mmoja mpaka mwingine. Fikiri mtu aliyejificha peke yake shambani, anaogopa kila sauti. Kisha anapokea karatasi, anaisoma mwenyewe, na anajua kwamba wenzake wako hai na wanamkumbuka.

Wakati huo huo waliendelea kutafsiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Waliichapa sehemu kwa sehemu, kwa kuwa herufi hazikutosha kupanga yote. Agosti 1886 Ashe aliondoka. Mackay alibaki peke yake karibu mwaka mzima. Mchana alifanya kazi za Kabaka, usiku alitafsiri na kufundisha.

10. Usambiro

Mwezi wa Julai 1887 Mackay alilazimika kuondoka Buganda. Alivuka ziwa mpaka Usambiro, upande wa kusini, katika nchi yetu ya Tanzania ya leo. Hapo alijenga nyumba, karakana na mahali pa kupigia chapa. Alichonga mbao za kujenga mashua nyingine. Aliendelea kutafsiri na kuchapa, na karatasi zake zilivuka maji kurudi kwa wasomaji.

Mwezi wa Agosti 1889 msafara mkubwa ulifika Usambiro. Aliyeuongoza alikuwa Stanley, yule yule aliyeandika barua mwaka 1875. Watu wake walikuwa wamechoka na wagonjwa. Walipumzika kwa Mackay majuma kadhaa. Stanley alishangaa kuona nyumba iliyojaa vitabu na karakana iliyojaa kazi.

Katika msafara ule alikuwamo Emin Pasha. Mwaka 1890 Emin Pasha alirudi ziwani kwa niaba ya Wajerumani akaanzisha kituo chao Bukoba. Ndivyo mji wetu ulivyoanza kuwa makao ya serikali. Mwaka ule ule Waingereza na Wajerumani walipatana mpaka. Waliugawa ukanda wa ziwa kwa mstari juu ya ramani. Wenyeji hawakuulizwa.

Mackay hakuyaona hayo. Wenzake wa Ulaya walikuwa wamemshauri arudi kwao apumzike. Alikataa, akisema kwanza waje watu wa kushika kazi. Mapema mwezi wa Februari 1890 alishikwa na homa ya malaria. Tarehe 8 Februari 1890 alifariki. Alikuwa na miaka arobaini. Alizikwa Usambiro. Baadaye mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

11. Vitabu vyavuka mto Kagera

Mpiga chapa alikufa, lakini chapa haikufa. Mwenzake mwingine, George Pilkington, akisaidiana na Mganda Henry Wright Duta, alimaliza tafsiri. Biblia nzima ya Kiganda ilipatikana mwaka 1896. Watu walileta simbi kununua vitabu.

Wapiga chapa walitafuta pia dawa ya mchwa. Walichapa Biblia fupi na nene, ili itoshe ndani ya kopo la biskuti. Mwenye kitabu alikihifadhi katika kopo, mchwa wakashindwa kukila. Hapo tunaona kwamba umbo la kitabu nalo hufikiriwa. Kitabu kizuri ni kile kinachomfaa mtu katika nyumba anayoishi.

Vitabu vile havikukaa Buganda tu. Wahaya waliokwenda Buganda walijifunza kusoma huko. Waliporudi kwao walivuka mto Kagera na vitabu vya Kiganda mizigoni. Walikaa na jirani zao wakawasomea, kisha wakawafundisha. Miaka mingi Kiganda kilikuwa lugha ya kusomea katika makanisa ya Buhaya. Mapadre nao walikuwa wamefika Kashozi mwaka 1892, na wao pia walifundisha kusoma. Hivyo babu zetu wengi walisoma kwanza kwa lugha ya jirani, kwa sababu herufi za risasi zilikuwa zimepangwa kwa lugha ile.

Lakini ukweli mmoja usisahauliwe. Wakoloni nao walitumia chapa. Stakabadhi ya kodi ilipigwa chapa. Amri ya kulipa ilipigwa chapa. Mtu asiyejua kusoma alipewa karatasi, akaambiwa weka dole gumba hapa. Hakujua alichokubali. Herufi ni kama panga. Panga humsaidia mwenye shamba, na laweza pia kumkata. Inategemea ni nani aliyeshika mpini.

12. Sisi wa leo

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, taifa letu liliamua kwamba mpini ushikwe na watu wote. Mwaka 1968 mikoa ya ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi ambao leo ni Kagera, ilichaguliwa kwa majaribio ya kisomo chenye manufaa. Vilichapwa vitabu vya kilimo cha migomba, cha pamba, na vya uvuvi. Mwaka 1974 gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho lilianza kuchapwa Mwanza, kwa ajili ya watu waliotoka kujua kusoma. Herufi zake hazikubebwa kichwani na wapagazi, wala hazikuchongwa kwa kisu. Lakini shabaha ilikuwa ile ile: mtu asomaye asikose kitu cha kusoma.

Siku hizi herufi za risasi zimekuwa adimu. Herufi hupangwa kwa kompyuta. Huonekana kwa mwanga, hata kwenye simu ya mkononi. Ujumbe wa fedha ukifika katika simu yako, unasoma mwenyewe umepokea kiasi gani. Ukipeleka kahawa yako kwenye chama cha msingi, unasoma mwenyewe kilo zilizoandikwa katika stakabadhi. Hakuna haja ya kumwita mtoto wa jirani akusomee siri zako.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Katika darasa moja la Muleba nilimwona mama mmoja mzee akisoma kwa mara ya kwanza jina lake katika stakabadhi. Alilisoma, akanyamaza. Kisha akaweka kidole chini ya jina, akalisoma tena. Halafu akasogeza kidole kwenye kilo, akasema kwamba hizi si kilo zangu. Ilikuwa kweli. Palikuwa na kosa, likasahihishwa siku ile ile.

Nilimkumbuka Mackay na kisu chake. Alichonga herufi kinyume ili wengine wazisome sawa. Hakujua kila mahali zitakapofika. Sasa zimefika kwako. Zitumie.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini herufi ya kupigia chapa huchongwa kinyume?
2. Mackay aliitengenezaje mashua yake bila mbao mpya? Taja jambo moja kijijini kwako lililotengenezwa kwa njia kama hiyo.
3. Kwa nini Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni? Mnaonaje, alikosea wapi na alikuwa na haki wapi?
4. Andika sentensi moja ya Kiswahili, kisha ya lugha ya nyumbani kwenu. Hesabu ni herufi gani imetumika mara nyingi zaidi.
5. Taja karatasi tatu zilizopigwa chapa ambazo hupita mikononi mwako. Je, husoma yote yaliyoandikwa kabla ya kutia sahihi?